Mgao wa anwani kwanza, amri baadaye: kuipa ruta anwani za IP ukiwa mbali nayo

Mgeni rasmi, walimu wetu, maafisa TEHAMA wa halmashauri za Dodoma na wenzetu mliotoka Singida, mafundi mnaojitegemea, na ninyi wadogo zangu wa vyuo: itifaki imezingatiwa. Mbukwenyi!

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuipa ruta, kile kifaa kinachounganisha mitandao, anwani za IP, yaani namba zinazotambulisha vifaa mtandaoni, kwa kuandika amri, bila kurasa za kubofya. Amri zenyewe nitazitaja, na mtakaopenda mtaziandika. Ila kuna jambo moja ambalo nalisema mapema ili lisije likapotea katikati ya tarakimu. Anayeandika amri anatakiwa ajue anachokiomba kabla hajabonyeza Enter. Ruta haimkisii mtu nia yake. Itatekeleza ulichoandika, hata kama ulichoandika kitakufungia nje wewe mwenyewe.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia hapa kwa kasi mwaka 2016, na Dodoma ikapandishwa hadhi kuwa jiji mwaka 2018, tumezoea kuuona mtandao kuwa ni mambo ya majengo makubwa ya Mtumba. Mimi leo nawafikiria zaidi waliokabidhiwa Kondoa, Chemba, Bahi, Mpwapwa na Kongwa. Huko kuna zahanati, vituo vya afya, shule za sekondari na ofisi za kata. Fundi ni mmoja, ruta ni nyingi, na gari la ofisi kila idara inalihitaji. Kutoka hapa mjini hadi Kondoa ni zaidi ya kilomita 150. Ruta ya kule utaihudumia ukiwa umekaa hapa, tena kwa laini ambayo saa nyingine ina nguvu ya kupitisha maandishi tu. Ukurasa wenye picha na vitufe utazunguka mpaka uchoke. Amri ya herufi arobaini itapita.

Faida ya pili mimi naiona ni kubwa kuliko hiyo. Amri ni maandishi, na maandishi yanatunzika. Unaweza kuyaweka kwenye faili, ukampa mwenzako ayasome kabla hujayaingiza, ukayalinganisha na ya mwezi uliopita, ukayatumia kwa kituo kingine kwa kubadilisha namba mbili tatu. Kazi iliyofanywa kwa kubofya haiachi kumbukumbu ya namna hiyo. Fundi akihama anaondoka nayo kichwani.

Sasa tuje kwenye anwani zenyewe. Anwani ya IP toleo la 4, ambayo kiwango chake kilichapishwa Septemba 1981, ni namba ya biti 32. Tunaikata mafungu manne ili macho yetu yaweze kuisoma, lakini ruta huiona kama namba moja ndefu. Maski ndiyo inayoieleza sehemu ya mtandao inaishia wapi na sehemu ya kifaa inaanzia wapi. Biti 32 hutoa anwani kama bilioni 4.3, na akiba kuu ya dunia, ile iliyokuwa ikigawiwa kwa mamlaka za kanda, iliisha Februari 2011. Kanda yetu ya Afrika inahudumiwa na AFRINIC, yenye makao yake Mauritius. Ndani ya ofisi zetu, basi, tunatumia anwani za binafsi zilizoainishwa kwenye waraka wa RFC 1918 wa mwaka 1996: 10.0.0.0/8, 172.16.0.0/12 na 192.168.0.0/16. Namba iliyo baada ya mkwaju ni urefu wa maski, yaani idadi ya biti za mwanzo zilizo sehemu ya mtandao. Hiyo ya 172 iangalieni vizuri. Inaanzia 172.16 na kuishia 172.31. Nje ya hapo, 172 ni anwani za watu wengine huko duniani, na ukizitumia ndani hutazifikia tovuti zao halisi.

Watu wa Dodoma hamhitaji kuelezwa kwa nini kiwanja hupimwa kabla ya kujengwa. Mji huu umekua kwa ramani tangu ulipoamuliwa kuwa makao makuu mwaka 1973. Anwani nazo ni hivyo hivyo: mgao hufanyika mezani, kwenye karatasi, kabla hujaigusa ruta.

Chukueni mfano wa halmashauri yenye vituo vya afya vilivyotawanyika. Ruta nyingi zinazouzwa madukani huja zikiwa na 192.168.1.1 au 192.168.0.1, na fundi asiye na mgao huiacha hivyo hivyo kwa sababu "inafanya kazi". Ni kweli, inafanya kazi, mpaka siku halmashauri inapotaka kuviunganisha vituo vyote na seva moja. Siku hiyo utakuta vituo kumi vyote vinajiita 192.168.1.0/24. Seva ikitaka kumjibu karani wa kituo cha tatu haina njia ya kujua ni 192.168.1 ipi. Hapo hakuna amri ya mkato. Inabidi kwenda kubadilisha anwani kituo kwa kituo, pamoja na printa na kila mashine iliyowekewa anwani kwa mkono, huku wagonjwa wamejaa kwenye benchi. Usumbufu wote huo ungezuiwa na karatasi moja iliyoandikwa kabla ya kituo cha kwanza.

Karatasi hiyo ingesema hivi. Halmashauri inachukua 10.20.0.0/16. Ndani yake kuna vipande 256 vya /24, na kila kituo kinapewa kipande chake kwa namba ya kituo. Kituo namba 7 ni 10.20.7.0/24. Hicho nacho tunakikata mara nne, kila kimoja /26, yaani anwani 64, ambazo zinazotumika kwa vifaa ni 62, kwa sababu ya kwanza ni jina la mtandao na ya mwisho ni ya kutangazia wote. Kipande cha kwanza, kinachoanzia .0, ni cha mapokezi na wodi. Kinachoanzia .64 ni cha maabara na famasi. Cha .128 tunawapa wageni wa Wi-Fi, wasichanganyike na mashine za kazi. Cha .192 ni cha printa na kamera. Ruta inachukua anwani ya kwanza inayotumika kwenye kila kipande: .1, .65, .129 na .193. Mtu akinipigia simu akasema "mashine yangu ni 10.20.7.80", kabla hajaendelea nimeshajua yuko kituo namba 7, upande wa maabara, na mlango wake wa kutokea ni .65.

Nikumbushe kidogo, hasa kwa ninyi wa vyuo: mambo ya klasi A, B na C, yaani kugawa anwani kwa ukubwa uliopangwa awali, yaliachwa mwaka 1993 ulipoanza utaratibu wa kuandika urefu wa maski kwa mkwaju. Ukiulizwa kwenye usaili, jibu. Lakini ukipanga mtandao, usifikirie kwa klasi.

Karatasi ikiwa tayari, amri zenyewe hazichukui muda. Kwenye ruta za kampuni ya Cisco, kuweka anwani ya upande wa maabara ni hivi (255.255.255.192 ni ile ile /26, imeandikwa kwa namna ya pili):

enable
configure terminal
interface GigabitEthernet0/2
description Maabara na famasi, kituo namba 7
ip address 10.20.7.65 255.255.255.192
no shutdown
end

Angalieni alama iliyo mwanzoni mwa mstari kila mnapoandika. Ikiwa ni >, ruta inakuruhusu kutazama tu. Ikiwa ni #, una mamlaka kamili. Ikiandika (config), unabadilisha ruta nzima, na ikiandika (config-if), uko ndani ya intafesi moja, yaani poti moja ya ruta. Ruta haiandiki hapo ni intafesi ipi. Kwa hiyo ukiacha kazi ukaenda kupokea simu, ukirudi usiendelee ulipoachia. Andika tena jina la intafesi, ndipo uendelee.

Ruta hukosoa, na makosa yake yana maana. Ukiandika 10.20.7.64 badala ya .65 itakwambia "Bad mask /26", maana umempa kifaa jina la mtandao wenyewe. Ukiweka kwenye intafesi nyingine anwani inayoangukia ndani ya kipande kilichokwisha kutumika, itajibu kwa neno "overlaps" na kukutajia intafesi unayogongana nayo. Wengi wakiona hivyo hubadilisha maski kwa kubahatisha mpaka ruta ikubali. Msifanye hivyo hata siku moja. Ujumbe huo unakurudisha kwenye karatasi: ama mgao umekosewa, ama umeusoma vibaya. Maski ya kubahatisha ikikubaliwa na ruta itakuletea mashine zinazoonana nusu, na tatizo la nusu ndilo gumu kuliko yote kulitafuta.

Kwa ruta yenye poti chache kuliko vipande, vipande vilivyobaki hupitishwa kwenye poti moja kwa njia ya VLAN, yaani mitandao iliyotenganishwa ingawa inapita kwenye kebo moja. Hapo amri ya encapsulation dot1Q hutangulia, anwani hufuata. Ukizigeuza, ruta itakataa.

Wengi wenu mnatumia ruta za MikroTik, na amri yake ni fupi zaidi:

/ip address add address=10.20.7.65/26 interface=ether3 comment="Maabara na famasi"

Na kwenye kompyuta ya Linux inayofanya kazi ya ruta:

ip address add 10.20.7.65/26 dev eth1

Zinafanana kwa macho, ila tabia zake zinatofautiana, na naomba mnisikilize vizuri hapa. Kwenye Cisco, ukiandika ip address mara ya pili kwenye intafesi ile ile, ya zamani inafutika na mpya inakaa mahali pake papo hapo. Ukitaka zote mbili zibaki, unaongeza neno secondary mwishoni. Kwenye MikroTik na Linux ni kinyume chake: add ni kuongeza. Ya zamani inabaki pale pale mpaka uiondoe mwenyewe. Aliyezoea Cisco akienda MikroTik huacha anwani za zamani zikiendelea kujibu. Aliyezoea MikroTik akienda Cisco hudhani anaongeza, kumbe ameifuta anwani ambayo yeye mwenyewe aliingilia. Pia, ukisahau kuandika /26 kwenye MikroTik au Linux, hutapata kosa lolote. Zitachukua /32, yaani anwani inayojijua yenyewe tu, na utashangaa kwa nini anwani ipo lakini hakuna mashine inayojibu.

Hilo la kufuta anwani uliyoingilia ndilo linalowasafirisha mafundi usiku. Umekaa hapa mjini, umeingia kwa SSH, njia salama ya kuandika amri ukiwa mbali, kwenye ruta ya Kondoa kupitia anwani ya intafesi ya nje, unataka kuibadilisha kwa sababu mtoa huduma amekupa mpya. Unabonyeza Enter, na skrini inaganda. Ruta imekutii. Anwani uliyokuwa umeishikilia haipo tena, na njia ya kurudi hukuwa umeiweka.

Kinga ipo, tena ni rahisi. Kwenye Cisco, kabla ya kubadilisha chochote, hifadhi hali iliyopo sasa, ile inayofanya kazi, kisha iambie ruta ijizime na kujiwasha baada ya dakika 10:

copy running-config startup-config
reload in 10

Halafu fanya mabadiliko. Ukifungiwa nje, usihangaike. Subiri. Dakika zikitimia ruta itawaka upya, na kwa kuwa mabadiliko hukuyahifadhi, itarudi na anwani ya zamani. Ukiona kila kitu kiko sawa na bado umo ndani, andika reload cancel, ndipo uhifadhi. Mpangilio huo msiuvuruge: ukihifadhi mabadiliko kabla ya kuyajaribu, umejinyima njia ya kurudi. Juniper, watengenezaji wengine wa ruta, wana amri yao nzuri sana kwa kazi hii, commit confirmed 10, ambayo hurudisha hali ya awali kama hukuthibitisha ndani ya muda huo. MikroTik wana hali ya usalama: unabonyeza Ctrl na X kabla ya kuanza, na mawasiliano yakikatika, baada ya dakika kadhaa mabadiliko yanafutwa. Kwenye Linux ya Ubuntu, netplan try hukupa sekunde 120 za kuthibitisha. Kila mtengenezaji amefikiria siku hiyo mbaya. Kazi yetu ni kuitumia kinga aliyotupa.

Kuhifadhi nako kunastahili neno. Ruta ya Cisco ina kumbukumbu mbili: inayofanya kazi sasa, na itakayosomwa ikiwashwa. Amri unazoandika huingia kwenye ile ya kwanza tu. Umeme ukikatika kabla hujahifadhi, ruta itaamka bila kazi yako yote, na huenda ikawa wiki tatu baadaye, wakati hakuna anayekumbuka ulifanya nini. MikroTik huhifadhi yenyewe kila unapobonyeza Enter, kwa hiyo kosa nalo linahifadhiwa. Linux haihifadhi: amri ya ip hupotea mashine ikizimwa, na anwani ya kudumu lazima iandikwe kwenye faili la usanidi. Maeneo yetu umeme hukatika. Anayepanga mtandao wa kituo cha afya apange akijua hivyo, na kabla hajafunga kazi aizime ruta makusudi akiwa bado yupo pale, aiwashe, aone inaamka na nini.

Kupima, wengi hupima kwa haraka mno. Kwenye Cisco, anza na show ip interface brief, inayoorodhesha intafesi na hali zake. Ikisema "administratively down", umesahau no shutdown. Ikisema down mara mbili, mara nyingi ni kebo, au kifaa cha upande wa pili kimezimwa. Ikisema up mara mbili, poti iko hai, lakini bado hujathibitisha kwamba anwani ni sahihi. Kisha ping mashine iliyoko ndani, yaani itumie paketi fupi za kuomba jibu. Usishtuke alama ya kwanza ikiwa nukta na nne zinazofuata zikiwa za mshangao. Paketi ya kwanza mara nyingi hupotea wakati ruta bado inauliza ni kifaa gani chenye anwani ile.

Baada ya hapo pima njia ya kwenda nje, na hapa ndipo watu hujidanganya. Ruta ikipata majibu kutoka intaneti haina maana kwamba karani wa maabara atayapata. Ukiandika ping tupu kuelekea nje, ruta hutumia anwani ya intafesi yake ya nje, ambayo dunia inaifahamu. Karani anatoka na anwani ya binafsi. Pima ukiwa umevaa anwani ya upande wake:

ping 8.8.8.8 source 10.20.7.65

Ya kwanza ikipita na hii ikikwama, anwani zako ni nzima. Kilichokosekana kwa kawaida ni NAT ya kuigeuza anwani ya binafsi kuwa ya nje, kwa kuwa dunia haina njia ya kurudisha majibu kwa 10.20.7.65. Kipimo hicho kimoja kinaokoa saa nyingi za kumlaumu mtoa huduma bure. Kama nje hakufikiki kabisa, tazama kama njia kuu ipo, ile inayotumika kwa kila anwani ambayo ruta haina njia yake mahususi. Kwa mfano wetu, ikiwa mtoa huduma amekupa 203.0.113.2/30, amri ni ip route 0.0.0.0 0.0.0.0 203.0.113.1. Anwani hizo za 203.0.113 zimetengwa kwa ajili ya mifano tu, msiziweke kwenye ruta ya kazi.

Toleo la 6 la IP nalitaja kwa ufupi, ingawa si kwa kulidharau. Anwani zake ni za biti 128, kwa hiyo habari ya kubana vipande inakwisha: kila sehemu ya ofisi inapewa /64 yake. Kwenye Cisco unaanza na ipv6 unicast-routing, kisha ndani ya intafesi unaandika ipv6 address 2001:db8:7:2::1/64, ambayo nayo ni ya mfano. Mgao wa karatasi unahitajika vile vile, na namba ya kituo mnaweza kuiingiza ndani ya anwani kama tulivyofanya kwenye 10.20. Anayejenga leo aziweke zote mbili kwa pamoja.

Lililobaki ni la kumhusu fundi atakayekuja baada yako. Ile description niliyoiandika kwenye mfano msiione kuwa pambo. Uhamisho upo, likizo ipo, ugonjwa upo. Mwenzako atakapoingia kwenye ruta ile saa tano usiku kwa sababu maabara haiwezi kutuma majibu, maneno "Maabara na famasi, kituo namba 7" ndiyo atakayoyashika kwanza. Karatasi ya mgao nayo ikae kwenye faili la ofisi, na nakala ya usanidi wa kila ruta itunzwe mahali ambapo mkuu wa kitengo anapajua. Nywila zisiwemo kwenye karatasi hiyo, na mlango wa Telnet, njia nyingine ya kuingia kwenye ruta kwa mbali, ufungwe, maana hupitisha nywila waziwazi. SSH inatosha.

Sasa twende kwenye vitendo. Kila meza ina ruta moja iliyofutwa na swichi moja. Kila kikundi kinapewa namba ya kituo, na kina nusu saa ya kuandika mgao wake kwa kalamu: vipande vinne, anwani ya ruta kwa kila kipande, maski kwa namna zote mbili, na maelezo ya kila intafesi. Mkimaliza, kikundi cha jirani kiusome na kutafuta panapogongana. Mgao ukikubaliwa na wasomaji wake, njooni mchukue kebo ya konsoli, ile inayounganisha kompyuta moja kwa moja na ruta. Kasi ni 9600, biti 8, bila pariti, biti 1 ya kuhitimisha (stop bit).